Kikingio cha Upanga na Shangazi Kabula

Mwezi uliopita jino liliniuma, nikaingia duka la dawa pale karibu na stendi ya Mpanda. Muuzaji akanipa kichupa cha mafuta ya karafuu, akaniambia nichovye pamba niibane kwenye jino. Nilipofungua kifuniko, jino lenyewe nikalisahau. Harufu ile ilinirudisha nyumbani kwetu mtaa wa Shanwe, nina miaka kumi, nimekaa juu ya sanduku la bati la marehemu baba yangu, na mbele yangu amesimama shangazi yangu, ambaye mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba si shangazi.

Nitawaeleza yote, lakini mjue tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hata chenji ya nyanya naihesabu mara mbili. Wengine hurithi macho ya baba yao, mimi nadhani nilirithi wasiwasi wa mama yangu, kisha nikauongezea wangu.

Baba yangu aliitwa Masanja. Alizaliwa kijijini Kasansa, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe wao. Mama yake alikufa yeye akiwa bado anatambaa, akalelewa na dada yake mkubwa, Kabula. Alipofika umri wa kushika plau nyuma ya maksai, alilima misimu miwili, wa tatu akalitupa shambani na kukimbilia Mpanda mjini. Alikuwa anasema plau lilimwonyesha kisogo cha ng'ombe mpaka akasahau kama dunia ina kitu kingine. Mjini akapata kazi ya kumwongoza njia mtafiti mmoja wa Kijapani aliyekuja kuchunguza sokwe kwenye misitu ya upande wa ziwani. Walitembea pamoja miaka mingi. Masika moja mto uliwazidi nguvu, Mjapani akachukuliwa na maji, baba akamdaka mkono na kumvuta mpaka ukingoni. Yule bwana alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja, akampa baba zawadi iliyokuwa ya babu yake. Ilikuwa kipande cha chuma.

Kilikuwa cha duara, ukubwa wa kisosi cha chai, cheusi, kizito kuliko unavyotegemea. Katikati kina tundu refu jembamba. Baba alituambia kwamba Wajapani wanakiita tsuba, na kazi yake ni kukaa kati ya mpini wa upanga na makali yake, ili mkono wa mpiganaji usiteleze ukajikata. Upanga wenyewe ulishapotea zamani, kikabaki kikingio. Fundi aliyekitengeneza hakuridhika na kukinga mkono tu. Upande mmoja alichonga mwanamume mwenye upanga amesimama chini ya lango. Upande wa pili alichonga bibi kizee anaruka juu ya paa, nywele zimetawanyika, kwapani amekumbatia mkono wa mtu uliokatwa. Macho ya yule bibi yalikuwa vitone viwili vya dhahabu. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya ulezi, lakini popote ulipokaa vilikutazama.

Pamoja na chuma, Mjapani aliacha kichupa cha mafuta ya kukifutia kisipate kutu. Yalinukia karafuu. Jumapili baada ya kanisa baba alikaa mlangoni, akakifuta taratibu kwa kitambaa, huku akinisimulia.

Zamani huko Japani, alisema, palikuwa na lango ambalo watu waliogopa kulipita kwa sababu ya zimwi. Mpiganaji mmoja akaenda. Zimwi likamkamata kichwani, naye akalikata mkono. Zimwi likakimbia linalia, mpiganaji akauchukua ule mkono akaufungia kwenye sanduku. Wataalamu wakamwambia kwamba kwa siku saba asimfungulie mtu yeyote mlango. Siku ya mwisho akaja shangazi yake, mzee, yule aliyemlea tangu mdogo. Akalia nje: nimetoka mbali kote huku, mtoto niliyekulea unaniacha mlangoni? Mpiganaji akamfungulia. Walipokwisha kula shangazi akasema, "Nasikia una mkono wa zimwi. Nionyeshe tu kidogo." Mpiganaji akafungua sanduku. Hapo hapo shangazi akaunyakua mkono, akageuka zimwi, akatoboa paa, akaenda zake.

Baba alimaliza kila mara kwa kucheka na kusema, "Kwa hiyo Minza, usije ukamwambia shangazi yako hadithi hii. Ataniua." Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuangalia kama paa letu lina tundu.

Baba akafa nikiwa na miaka kumi, ugonjwa wa kifua wa wiki tatu. Tulimzika Kasansa kwa ndugu zake, nguo zake zikagawiwa huko huko, na sisi tukarudi Shanwe na sanduku lake la bati. Ndani yake kulikuwa na viatu vyake vya msituni, tochi, na kile chuma kimefungwa kwenye kitambaa. Mama alisema sanduku ni langu. Kila siku nikitoka shule nilikifungua chuma kile, nikakipaka mafuta kidogo, nikanusa. Baba alikuwa ndani ya harufu ile kuliko alivyokuwa kaburini.

Mama yangu alitoka kwenye makazi ya Katumba, wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi. Mjini hakuwa na kaka wala mjomba wa kusimama nyuma yake. Alichokuwa nacho ni mimi, mashine ya kushonea, na nyumba ya vyumba viwili iliyoandikwa jina la marehemu. Jirani yetu Mama Neema, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujua, alikuja akakaa kwenye ndoo aliyoipindua.

"Mama Minza, nakwambia kama dada. Mawifi hawaji bure. Matanga yakipoa ndio wanakuja. Ficha karatasi za kiwanja."

"Hawajasema kitu," mama akajibu.

"Kwani mwizi anapiga hodi? Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu."

Tangu siku hiyo mama alizifunga karatasi za kiwanja kiunoni, ndani ya kanga. Akiinama kufagia, zinalia. Akikaa kwenye cherehani, zinalia. Nilijua kwa sauti hiyo kwamba tuko hatarini, na kama nyumba ikienda, tutarudi Katumba na mafurushi kichwani.

Haikupita miezi miwili Shangazi Kabula akafika. Alikuja na basi la kupitia Kibaoni, konda akamshushia gunia la mchele na chupa ya samli. Mama alimpokea vizuri, wifi karibu, wifi pole na safari, lakini niliona mkono wake unagusa kiuno.

Mimi nilikuwa nimemwona shangazi msibani, mwanamke mrefu, mikono yake yote miwili ikipepeta mchele wa waombolezaji. Huyu aliyekuja Shanwe alikuwa na mkono mmoja. Yaani wa kushoto ulikuwa ndani ya kitenge, kuanzia begani, na hakuutoa. Alikula kwa wa kulia, akanawa kwa wa kulia. Asubuhi akachukua ufagio akafagia uwanja kwa mkono mmoja, akiwa amejifunga kitenge kile kile hadi shingoni, na jua la Mpanda mnalijua. Nikamuuliza mama kwa nini shangazi hatoi mkono. Mama akaniambia niache adabu mbaya. Lakini nikamwona naye anautazama.

Sasa fikirieni mtoto niliyekuwa mimi. Shangazi mzee aliyemlea mwanamume, ametoka mbali, mkono mmoja hauonekani, na ndani ya nyumba mna sanduku. Nilihesabu siku. Ya kwanza hakuuliza kitu. Ya pili hakuuliza kitu, alikaa tu akiniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema nimechukua paji la uso la baba. Nikahisi paji lenyewe linawasha. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi siku ya tatu nilikuwa namsubiri aombe.

Siku ya tatu mchana mama alikwenda sokoni kununua nyuzi. Nilikuwa chumbani na sanduku limefunguka, nimetoka kupaka mafuta. Nikasikia kandambili za shangazi zinakuja. Nikafunga sanduku, nikakaa juu yake.

Akasimama mlangoni. Hakuingia mara moja.

"Minza, mwanangu. Kile chuma cha baba yako, cha yule Mjapani, bado mnacho?"

Nikashika kingo za sanduku kwa mikono miwili.

"Masanja alikuja nacho nyumbani mara moja, akanishikisha. Nataka nikione." Akasogea hatua moja. "Nionyeshe tu kidogo."

Wapendwa, maneno yale yale. Nionyeshe tu kidogo. Nikatazama paa, nikatazama kitenge chake, nikaona kitu kinasogea ndani yake. Ningeweza kupiga kelele, lakini mpiganaji wa hadithi hakushindwa kwa kukosa kelele, alishindwa kwa kufungua. Mimi sikufungua.

"Hakipo," nikasema. "Mama aliwauzia watu wa vyuma chakavu."

Uongo ule ulitoka laini, kama umekaa mdomoni siku nyingi ukisubiri zamu.

"Mama yako aliuza?"

"Ndiyo."

"Hakujua ni cha nini?"

"Alisema ni chuma tu."

Uso wa shangazi haukubadilika kuwa wa zimwi. Nilisubiri meno, hayakutokea. Alisimama tu. Kisha akainama, akauchukua mkono wangu wa kulia kwa mkono wake wa kulia, akauinua mpaka puani, akaunusa. Alinusa kiganja, akanusa vidole, pole pole, amefumba macho. Nyie mnajua vizuri nani hunusa watoto katika hadithi zetu. Nilijikojolea kidogo, nalisema kwa sababu ni kweli. Akauachia mkono, akatoka.

Kesho yake alfajiri alifunga mzigo. Mama akamwambia, "Wifi, subiri hata chai." Akajibu, "Chai mnywe nyie. Mimi nina ng'ombe." Mama akamsindikiza hadi barabarani, akarudi anapumua kwa raha mara ya kwanza tangu msiba. "Umeona?" akaniambia. "Kakosa alichokifuata, kaondoka." Akazifungua karatasi kiunoni, akazirudisha chini ya godoro.

Hatukumwona tena. Mavuno yaliyofuata gunia la mchele halikuja, wala mavuno ya pili yake. Mama aliposhikwa na homa hakuna ndugu wa baba aliyefika. Nilipofaulu kwenda sekondari hatukuwa na wa kumpelekea habari kule. Mama alisema hao ndio walivyo, na mimi nilikaa kimya, kwa sababu moyoni nilikuwa najisifu. Niliokoa nyumba. Niliokoa chuma. Msichana wa miaka kumi wa Shanwe aliweza pale mpiganaji wa Kijapani alipokwama. Fahari hiyo niliibeba zaidi ya miaka ishirini, na uongo nilioutoa juu ya mama yangu niliuhesabu kama silaha ya vita. Mafuta ya Mjapani yaliisha, nikawa nafutia mafuta ya kula, na harufu ya karafuu ikapotea kabisa.

Ikawa hivyo mpaka nilipofungua kile kichupa dukani. Mafuta yalinimwagikia vidoleni. Bila kufikiri nikavipeleka puani, nikanusa kiganja, nikanusa vidole, pole pole. Kisha nikasimama hapo, watu nyuma yangu wanangoja kuhudumiwa, na nikaelewa nilichokuwa nafanya.

Shangazi hakuwa ananusa nyama ya mtoto. Alikuwa ananusa karafuu. Alijua kuwa chuma kipo, kimepakwa mafuta dakika ile ile, na mtoto wa mdogo wake amekikalia huku anamdanganya machoni.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Kasansa na kile chuma kwenye mkoba. Njia nzima nilijiambia pengine ameshakufa, na nikiri kwamba sehemu fulani yangu ilitamani iwe hivyo, nisitazamane naye.

Hakuwa amekufa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, anapukuchua mahindi. Kitenge hakikuwepo begani. Mkono wa kushoto ulikuwa pale, umepinda chini ya kiwiko kama tawi lililovunjika likaunga lenyewe. Nikamsalimia, nikajitaja. Akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Mmenitupa," akasema.

"Shangazi, nimekuja kuomba msamaha."

"Huo mkono unautazama nini? Maksai alinipiga nalima, mwaka ule, tumeshamzika baba yako. Nilikuja kwenu nao umefungwa vijiti. Niliuficha. Mgeni akija na ugonjwa wake, wenyeji wanadhani amekuja kuuguzwa. Na mama yako alikuwa na yake ya kutosha, anatembea na makaratasi kiunoni yanalia kama mabua. Alidhani sisikii?"

Nikainamisha kichwa. Nikamuuliza kwa nini alitaka chuma.

Aligeuka akaita. Kijana mrefu akatokea zizini, shingoni amevaa ugwe wa ngozi wenye washa kubwa ya chuma, ile pete bapa inayokaa chini ya nati, imeng'aa kwa kuvaliwa. Akanipigia goti dogo la salamu.

"Huyu ni mjukuu wangu, wa mwanangu mkubwa," shangazi akasema. "Alizaliwa baba yako ana mwezi mmoja kaburini. Tumempa jina, Masanja. Kwetu mtoto wa jina la marehemu anafungiwa kitu alichokishika marehemu mwenyewe, na anayefunga ni mimi, dada. Nguo zilishagawiwa. Nikakumbuka chuma. Nikasema nitakwenda kwa wifi yangu, nikae siku mbili tatu, nisiombe kama mdai. Nilitaka kuja na mtoto mwenyewe mmwone. Mvua ikanizuia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mtoto ananiambia mama yake kauza na mikono yake inanukia? Nilijua mmekubaliana kunificha. Nikaondoka." Akaokota gunzi jingine. "Nikamfungia washa ya plau. Lile plau alilolikimbia Masanja. Sasa ona matokeo yake. Shule hakutaka, mjini hataki. Analima mpaka maksai wanamwogopa."

Kijana akacheka chini chini, akarudi zizini. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba mama hakujua lolote, kwamba uongo ulikuwa wangu peke yangu, na kwamba mama yangu alimlaumu yeye miaka yote hii kwa undugu ambao mimi ndiye niliyeuvunja. Nililia, mwanamke mzima, mbele ya lundo la mahindi. Yeye hakunibembeleza. Alingoja nimalize.

Nikatoa chuma, nikamwekea mkononi. Nilikuwa nimekipaka mafuta ya dukani. Akakinusa kwanza. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akapitisha kidole gumba juu ya mchoro, akafika kwenye bibi kizee, akabaki hapo.

"Huyu mwanamke kabeba nini?"

Ikabidi nimsimulie. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamsimulia lango, na upanga, na sanduku, na siku saba, na shangazi aliyetoka mbali. Nilipofika pale zimwi linapotoboa paa nikamwambia pia kwamba hivyo ndivyo nilivyomwona yeye, amesimama mlangoni na mkono mmoja.

Kuku walikuja wakaanza kula mahindi, hakuwafukuza.

"Huo mkono aliobeba," akasema, "ulikuwa wa nani?"

"Wa zimwi, shangazi."

"Wake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi kosa lake nini? Amefuata mkono wake."

Nimeisikia hadithi ile Jumapili ngapi sijui, kifuani kwa baba, na vile vitone viwili vya dhahabu vikinitazama. Nilimwogopa yule bibi, nikamchukia, nikajifunza kumfungia mlango. Sikuwahi kujiuliza kama mkono wake ulimuuma pale ulipokatwa.